Kufuta au Kubandua? Ruhusa za Mafaili katika Kompyuta ya Nyumbani

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya uzamili alikuja idarani asubuhi na mapema kutuambia kuwa mahojiano yake yamepotea. Alikuwa amewarekodi wafanyabiashara 11 wa soko la mpakani, akichunguza namna wanavyochanganya Kiswahili na lugha za nyumbani wanapopatana bei. Rekodi zote aliziweka katika kompyuta ya kwao, ile inayotumiwa na kila mtu wa nyumba. Mdogo wake wa kiume, akitafuta nafasi ya kuweka filamu, akaisafisha folda ya pamoja, kisha akamwaga kikapu cha taka. Kilichomuuma zaidi binti huyu ni kwamba alikuwa amechukua tahadhari. "Niliyafunga, mwalimu," alisema. "Niliyafunga yasiandikwe na mtu yeyote, hata mimi mwenyewe."

Na ni kweli alikuwa ameyafunga. Tulipoangalia baadaye tuliona kuwa amri aliyoitoa ilikuwa sahihi na mashine iliitii. Makala haya yananuia kueleza kwa nini kufuli lake halikumfaa kitu, na ni wapi ruhusa ya kuondoa faili inakokaa hasa. Aidha, tunadai kuwa sehemu ya lawama inaliangukia neno la Kiswahili, neno kufuta, ambalo ni sisi walimu tuliomfundisha.

Kompyuta yenyewe inaendeshwa na Ubuntu, mfumo mmojawapo katika ukoo mkubwa unaofuata desturi za Unix. Unix ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Linux, ambayo ndiyo kiini cha Ubuntu, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi Helsinki, na Ubuntu ikatoka Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji mkalimani kwa wasomaji wetu: wenye Kiganda hulisikia katika obuntu, na katika Kiswahili ni utu. Kompyuta za Apple ni za ukoo huo huo, na hata simu za Android zina kiini cha Linux ndani yake, ila huko mwenye simu haonyeshwi mambo haya.

La muhimu katika historia hiyo ni kwamba Unix ilikulia mahali ambapo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, kila mmoja na kazi yake. Kwa hiyo kila faili lina mwenyewe, na kila mtumiaji anajulikana kwa jina na namba. Wengi wetu tulijifunza kompyuta tukiwa peke yetu mbele ya kioo, tukadhani mambo ya wenyewe na makundi ni ya mabenki na wizara. Lakini nyumba yenye mashine moja, baba, mama, dada, wadogo zake na binamu aliyekuja likizo inafanana na maabara ile ya zamani kuliko tunavyofikiri.

Faili na kufuli lake

Ukifungua dirisha la amri na kuandika ls -l, mashine itakuorodheshea mafaili pamoja na sifa zake. Faili la mwanafunzi wetu lilionekana hivi (tumeacha tarehe):

-r--r--r-- 1 dada nyumbani 48211968 mahojiano01.wav

Kistari cha kwanza kinasema kuwa hili ni faili la kawaida. Lingekuwa folda tungeona herufi d. Alama tisa zinazofuata husomwa tatu tatu. Tatu za kwanza ni za mwenye faili, hapa mtumiaji aitwaye dada. Tatu za pili ni za kundi, hapa kundi liitwalo nyumbani. Tatu za mwisho ni za watu wengine wote wenye akaunti katika mashine hiyo. Herufi r ni ruhusa ya kusoma, w ni ya kuandika, na x ni ya kuliendesha faili kama programu. Penye kistari hapana ruhusa. Wanaopenda hesabu huipa r thamani ya 4, w 2, na x 1, kisha hujumlisha. Ndiyo maana mwanafunzi wetu aliandika chmod 444, yaani kila mtu asome na asiwepo wa kuandika.

(Msomaji ataona tunasema faili hili na mafaili haya. Tunajua wapo wanaosema faili hii, na mjadala wa ngeli hiyo umewahi kutuchelewesha kwenda kula chakula cha mchana. Tuuache kwa leo.)

Sasa tuitazame folda iliyohifadhi faili hilo. Iliundwa zamani na kaka mkubwa ili kila mtu aweze kuweka vitu vyake humo:

drwxrwxrwx 2 root root 4096 /home/pamoja

Ruhusa zote tisa zimetolewa kwa watu wote. Mwanafunzi wetu alipoiona alisema folda iwe wazi tu, mradi mafaili yake yamefungwa. Hapo ndipo tatizo lilipo. Katika Unix, haki ya kuliondoa faili haikai kwenye faili bali kwenye folda iliyolibeba.

Ubao wa matangazo

Tunapolieleza jambo hili darasani tunatumia ubao wa matangazo ulio nje ya mlango wa idara. Tuseme mafaili ni masanduku yaliyo katika chumba cha hifadhi, kila sanduku na namba yake. Folda si chumba hicho. Folda ni ubao, na juu yake kumebandikwa vikaratasi, kila kikaratasi kimeandikwa jina na namba ya sanduku: mahojiano01.wav, sanduku namba kadha wa kadha. Mtu akitaka mahojiano, husoma ubao, huchukua namba, kisha huenda kwenye sanduku. Ruhusa za faili ni kufuli la sanduku. Ruhusa za folda zinahusu ubao.

Kwa hiyo herufi zile zile tatu hubadilika maana zinapokuwa kwenye folda. Herufi r ni ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyobandikwa. Herufi w ni ruhusa ya kubandika kikaratasi kipya, kubadilisha jina lililopo, au kubandua. Herufi x, ambayo huwasumbua wengi kwa kuwa folda haiwezi kuendeshwa kama programu, ni ruhusa ya kupita: kulifikia sanduku kwa kulitaja jina. Folda yenye r bila x hukuwezesha kuona majina tu, na yenye x bila r hukupitisha iwapo tayari unalijua jina unalolitafuta. Ruhusa ya w nayo haifanyi kazi bila x.

Mdogo wake hakuwa na haki ya kuandika ndani ya sanduku la dada yake, wala hakulifungua. Alibandua kikaratasi. Ubao ulimruhusu, kwa sababu kila mtu alikuwa na w juu yake. Kufuli la sanduku halikuulizwa.

Hapa ndipo neno letu linapotupoteza. Katika Kiswahili tunafuta ubao wa chaki, tunafuta vumbi, tunafuta machozi. Kinachofutwa ni kile kilichoandikwa au kilichotanda juu ya kitu; kitendo kinagusa yaliyomo. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili akiambiwa "futa faili" huona picha ya maandishi yakipanguswa, na kwa picha hiyo hoja yake ni sawa kabisa: anayezuiwa kuandika atazuiwa pia kupangusa. Na kweli kipo kitendo cha namna hiyo katika mashine. Mtu anaweza kuliacha faili na jina lake, ila akayamwaga yaliyomo hadi likabaki na ukubwa wa sifuri. Kitendo hicho kinahitaji ruhusa ya kuandika kwenye faili lenyewe, na chmod 444 ingemzuia mdogo wake asikifanye. Binti alijikinga dhidi ya kufuta. Aliyemdhuru ni kubandua.

Ndani ya Unix yenyewe wito wa kuondoa faili haukupewa jina la kufuta. Jina lake la Kiingereza lina maana ya kutengua kiungo kati ya jina na sanduku. Tungependa kuunda kinyume cha kitenzi unga kwa kiambishi -ua, kama tunavyofanya kwa funga na fungua, lakini ungua tayari ni neno la moto. Bandika na bandua ndiyo jozi iliyotufaa. Hatudai kuwa vitufe vyote viandikwe upya. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulionyesha jinsi kazi ya kutafsiri vitufe ilivyo ngumu, na kufuta limekwisha kuzoeleka. Ila tunapofundisha ruhusa, tunasema kubandua, na wanafunzi wanaelewa siku hiyo hiyo.

Wanaotoka Windows wana sababu nyingine ya kushangaa. Huko haki ya kufuta inaweza kuandikwa kwenye faili lenyewe, na faili lililotiwa alama ya kusomwa tu hukataa amri ya kufuta. Mazoea hayo hayahamii huku.

Msomaji mwenye uzoefu atauliza: mbona nikiandika rm kwa faili lililofungwa mashine huniuliza kwanza? Ni kweli, huuliza kama unataka kuliondoa faili lililozuiwa kuandikwa. Swali hilo ni adabu ya programu ya rm tu. Ukijibu ndiyo, faili linaondoka, na ukiandika rm -f huulizwi kabisa. Mdogo wake alitumia kipanya ndani ya dirisha la mafaili, na huko hata adabu hiyo hakuiona.

Ile namba 1

Katika mstari wa mahojiano01.wav tuliipita namba 1 iliyo baada ya ruhusa. Hiyo ni idadi ya vikaratasi vinavyolitaja sanduku hilo. Sanduku moja linaweza kutajwa kwenye mbao mbili au zaidi, mradi zote ziwe katika diski moja na sehemu moja ya diski hiyo. Kama mwanafunzi wetu angeandika hivi:

ln /home/pamoja/mahojiano01.wav /home/dada/kazi/

namba ingekuwa 2. Mdogo wake angebandua kikaratasi cha ubao wa pamoja, namba ingerudi 1, na sanduku lingebaki salama likitajwa na ubao wa folda ya dada, ambao mdogo hana w juu yake. Mfumo hauliachi sanduku hadi kikaratasi cha mwisho kiondoke, tena hadi isiwepo programu inayoendelea kulitumia. Amri hiyo haili nafasi yoyote ya diski, kwa kuwa sanduku ni lile lile. Kwa sababu hiyo hiyo, isihesabiwe kuwa nakala ya akiba: diski ikifa, vikaratasi vyote viwili vinabaki vikitaja hewa.

Dawa ya folda ya pamoja yenyewe ni fupi, na tunashangaa kuwa watu wengi hawaijui:

sudo chmod +t /home/pamoja

Herufi ya mwisho ya ruhusa hugeuka kutoka x kuwa t. Katika Kiingereza huitwa biti ya kunata. Ubao unabaki wazi kwa kila mtu kubandika, ila kikaratasi hubanduliwa na mwenye faili, mwenye folda, au msimamizi mkuu tu. Hivyo ndivyo ustaarabu wa ubao wetu wa idara ulivyo: kila mhadhiri hubandika ratiba yake, na kubandua ya mwenzako ni utovu wa adabu. Folda ya /tmp, ambamo programu zote huweka vitu vyao vya muda, ina t siku zote. Bila hiyo watumiaji wangeharibiana kazi kutwa. Zingatia kuwa t inalinda vikaratasi tu. Ikiwa faili lako umewapa wengine w, bado wanaweza kuyamwaga yaliyomo. Hapo sasa chmod 444 ya mwanafunzi wetu inapata kazi yake halisi: kufuli la sanduku na kanuni ya ubao, kila kimoja upande wake.

Msimamizi mkuu na faili lisilotaka kuondoka

Malalamiko mengine tunayoletewa ni ya kinyume chake: faili lipo nyumbani kwangu, katika kompyuta yangu, na linakataa kuondoka. Mara nyingi chanzo ni sudo. Katika Ubuntu akaunti ya root, yaani msimamizi mkuu ambaye ruhusa hizi zote hazimzuii, haifunguliwi kwa nywila. Badala yake mtumiaji wa kwanza aliyeundwa wakati wa kuweka mfumo hupewa haki ya kuazima mamlaka hayo kwa amri moja moja, kwa kutanguliza neno sudo. Watumiaji wanaoongezwa baadaye huwa wa kawaida, isipokuwa wapewe haki hiyo makusudi. Ukinakili folda kwa sudo, nakala inakuwa ya root.

Ikiwa ni faili moja la root ndani ya folda yako mwenyewe, unaweza kulibandua bila msaada, maana ubao ni wako. Wengi hawaamini mpaka wajaribu. Ikiwa ni folda ya root iliyo tupu, hiyo nayo utaiondoa. Lakini ikiwa folda hiyo ina vitu ndani, utakwama: ili iondoke lazima kwanza vikaratasi vyake vibanduliwe, na ubao huo ni wa root. Wanafunzi wakifika hapo hukimbilia sudo rm -rf, na hatupendi hata kidogo. Nafasi moja iliyopenya kimakosa, kwa mfano rm -rf /home/dada /kazi badala ya /home/dada/kazi, huondoa nyumba nzima ya dada na kuacha kilichokusudiwa. Ni afadhali kujirudishia umiliki kwanza:

sudo chown -R dada:dada /home/dada/kazi

kisha ukaondoa unachotaka ukiwa mtumiaji wa kawaida, ambaye makosa yake yana mipaka.

Swali la nani apewe sudo nyumbani ni gumu kuliko amri zote tulizoandika. Tumeona nyumba ambamo haki hiyo anayo baba kwa kuwa ni baba, wakati anayejua mashine ni binti wa kidato cha tatu. Sisi tungeipa mtu mmoja, tena mwenye subira, na tungemtaka hata yeye afanye kazi zake za kila siku bila kuitumia. Kila mwingine awe na akaunti yake na nywila yake. Akaunti moja ya wote inafanya ruhusa zote hizi kuwa mapambo, kwa kuwa mashine inaona mtu mmoja tu. Vilevile itazameni folda ya kila mtumiaji. Kabla ya toleo la Aprili 2021 Ubuntu ilikuwa inaziunda zikiwa wazi kusomwa na wengine. Toka hapo akaunti mpya hupewa folda iliyofungwa kwao, ila folda zilizoundwa zamani hubaki zilivyokuwa mpaka mtu azifunge kwa chmod 750.

Kwa faili ambalo halipaswi kuguswa kabisa ipo amri chattr +i, inayofanya kazi katika diski za kawaida za Linux. Faili likiwekwa alama hiyo hata root hawezi kulibandua mpaka aiondoe alama kwanza. Na msiweke tumaini la ruhusa kwenye flashi. Nyingi hutumia mpangilio wa FAT, ambao hauhifadhi mwenye faili wala kundi. Aliyeichomeka ndiye mwenye kila kitu.

Tumalizie habari ya mahojiano. Tulimwomba mwanafunzi aizime kompyuta mara moja ili mfumo usiweke vitu vipya katika masanduku yaliyokosa majina. Kisha tukaiwasha kwa Ubuntu iliyo kwenye flashi na kutumia PhotoRec, programu ya bure inayoipekua diski bila kutegemea ubao, ikiyatambua masanduku kwa umbo la yaliyomo. Bahati yake diski ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka. Diski mpya za SSD mara nyingi hupanguswa mapema na zenyewe. Rekodi nne alikuwa amempa msimamizi wake nakala. PhotoRec ilirudisha tatu nyingine, zikiwa na namba badala ya majina, kwa hiyo alikaa idarani mchana kutwa akisikiliza sauti moja baada ya nyingine mpaka alipomtambua muuza vitenge, mama wa samaki na kijana wa boda boda. Nne hazikupatikana. Amerudi sokoni mara mbili tangu hapo. Wawili amewapata na wamekubali kurekodiwa upya. Mmoja amehamia upande wa pili wa mpaka, na wa nne bado anamtafuta.